Shahada ya Kichina iwe shahada ya kusoma

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nimjibu mwandishi wa makala mliyoichapisha hivi karibuni. Alisema kijana anayejiandikisha chuo kikuu kusomea Kichina anapoteza miaka minne bure, kwa kuwa simu sasa inatafsiri yenyewe. Anayekitaka Kichina, alisema, asomee uhandisi au uhasibu mchana na Kichina akipate jioni. Mimi nilisomea Kichina. Ndiyo shahada yangu ya kwanza na sina nyingine. Tangu nilipohitimu nimekula kwa kazi ya kutafsiri, hasa mikataba, miongozo ya mitambo na barua za madai, na siku hizi ofisini kwetu mimi ndiye ninayewapima vijana wanaokuja kuomba kazi. Kwa hiyo nina maslahi katika jambo hili, na ni vizuri msomaji ajue mapema.

Nusu ya hoja yake naikubali. Kama shabaha ni kusalimiana, kupatana bei, kuulizia njia na kupiga soga na wafanyakazi wenzako, shahada ya nini? Kozi nzuri ya jioni, mwalimu mvumilivu na mtu wa kuongea naye vinatosha. Sarufi ya Kichina cha mdomo ina huruma. Kitenzi hakibadiliki kwa nafsi wala kwa wakati, nomino haina wingi wa kuihangaisha, upatanisho wa ngeli haupo. Sisi tunaomlazimisha mgeni aseme "vitabu vyangu viwili vizuri vimepotea" hatuna uso wa kulalamika. Toni nne, yaani kupanda na kushuka kwa sauti kunakobadili maana ya silabi, humsumbua mtu miezi ya mwanzo, na asipozishika mapema atahangaika nazo maisha yake yote, ila dawa yake ni mazoezi ya sikio na mdomo. Mhadhara hauwezi kumsaidia hapo.

Ninapoachana na mwandishi ni pale anapodhani kwamba hiyo ndiyo shahada yenyewe. Simlaumu sana, maana idara nyingi nazo zinadhani hivyo hivyo. Zinachukua kozi ya jioni, zinairefusha iwe miaka minne, kisha zinaivisha joho.

Tuanze na hesabu. Taasisi ya serikali ya Marekani inayowafundisha lugha wanadiplomasia wake ina makadirio ambayo watu wa fani hii huyataja kila mara. Mzungumzaji wa Kiingereza anahitaji saa 900 hivi za darasani kufikia kiwango cha kufanyia kazi kwa Kiswahili, na saa 2,200 kwa Kichina, ambacho wamekiweka kundi moja na Kijapani, Kikorea na Kiarabu. Sasa chukua chuo kinachotoa saa nane kwa wiki, wiki 15 kwa muhula, mihula miwili kwa mwaka. Miaka minne inapokwisha mwanafunzi amekaa darasani saa 960. Hata nusu ya safari hajafika, na wale wanadiplomasia hawana kazi nyingine ila hiyo, wala hawachanganyi na masomo mengine ya lazima. Idara inayomwahidi mzazi kwamba mtoto wake atahitimu akiwa "anakimudu Kichina kikamilifu" inauza kitu ambacho haina ghalani.

Saa hizo zinakwenda wapi? Zinakwenda kwenye maandishi. Fungua ukurasa wowote wa Kichina: hakuna nafasi kati ya neno na neno. Herufi zinafuatana mfululizo kutoka nukta hadi nukta, na msomaji ndiye anayeamua neno hili linaishia wapi na lile linaanzia wapi. Orodha rasmi ya serikali ya China ya mwaka 2013 ina herufi 8,105, na kundi lake la kwanza, lile la matumizi ya kila siku, lina 3,500. Silabi zenyewe ni chache, 400 hivi ukiacha toni, 1,300 hivi ukizihesabu na toni, kwa hiyo silabi moja hubeba herufi chungu nzima. Sikio halikuokoi. Lazima ujue kusoma.

Na kusoma huko kuna mantiki yake, ambayo kozi za haraka haziifikii. Nilibahatika kupata mhadhiri mmoja mkali aliyetukataza kuchukulia herufi kama picha za kukariri. Alikuwa anaandika ubaoni herufi moja, 青, isomwayo qing, halafu anaiongezea kipande upande wa kushoto. Matone matatu ya maji: 清, maji maangavu. Kipande cha usemi: 请, kuomba au kualika. Moyo: 情, hisia. Jua: 晴, anga lililotakata. Jicho: 睛, mboni, na hapo sauti inateleza kidogo, inakuwa jing. Upande mmoja unadokeza sauti, mwingine unadokeza maana, na zaidi ya asilimia 80 ya herufi zimeundwa kwa mtindo huo. Vile vipande vya maana vina mpangilio wa zamani. Kamusi kubwa iliyokamilishwa mwaka 1716 chini ya mfalme Kangxi, yenye herufi zaidi ya 47,000, ilivipanga katika mafungu 214, na mafungu hayo yangali yanatumika. Mhadhiri wetu alitulazimisha kutafuta neno katika kamusi ya karatasi: utambue kipande, uhesabu mistari iliyobaki, ufungue ukurasa. Tulimchukia. Leo nikikutana na herufi nisiyoijua kwenye barua iliyopigwa picha vibaya, ambayo simu haiwezi kuisoma, ile adhabu ndiyo inayonilisha.

Wanafunzi wa sasa hawaipati. Wanaandika kwa pinyin, yaani tahajia ya Kilatini iliyopitishwa na Bunge la China mwaka 1958. (Mtu anayetajwa zaidi kwa kazi hiyo, Zhou Youguang, alikuwa mwanauchumi kwa fani, na aliishi hadi miaka 111, alifariki mwaka 2017.) Ni chombo kizuri mno. Unabonyeza qing, kioo kinakuletea safu ya herufi, unachagua. Lakini kuchagua kitu kilicho mbele ya macho ni rahisi kuliko kukitoa kichwani, na hata Wachina wenyewe wanalalamika kwamba wakishika kalamu herufi zinawatoroka. Sisemi mwanafunzi aandike herufi 3,500 kwa mkono. Herufi 800 za mwanzo zinatosha, kwa kalamu, bila simu, hadi vidole vizizoee. Zinazofuata zitakuja kwa kusoma.

Kwa hiyo mwaka wa kwanza na wa pili huliwa na herufi, na hakuna njia ya mkato. Mwaka wa tatu ndio ungepaswa kuwa mwanzo wa shahada yenyewe. Idara nyingi zinalegea papo hapo.

Ngoja nieleze ninachokiona mezani kwangu. Kijana anayekuja kuomba kazi nampa ukurasa mmoja wa mkataba wa kawaida wa mauziano, hauna utaalamu wowote wa ajabu, na nampa muda wa kutosha. Katikati ya ukurasa huo kuna kifungu hiki: 逾期未通知的，视为同意. Herufi kumi. Kijana mwenye cheti cha kuridhisha anazijua karibu zote. Anajua 通知 ni kutoa taarifa na 同意 ni kukubali. Halafu anakwama. Ile 逾 ya mwanzo hajawahi kuiona, kwa sababu vitabu vyake vya mazungumzo vinasema "kuchelewa" kwa neno jingine kabisa. Ile 未 anaijua kutoka katika neno la "siku zijazo" tu, hajui kwamba katika maandishi rasmi inasimama peke yake kwa maana ya "-ja-" yetu ya ukanushi, kama katika hajafika. Na ile 的 iliyo mwishoni mwa sehemu ya kwanza inamvuruga moja kwa moja. Amefundishwa kwamba 的 hufuatwa na nomino, na hapa hakuna nomino, kuna mkato tu. Kumbe nomino imeachwa kwa makusudi: ni "yule ambaye". Maana yake ni hii: ambaye hadi muda umepita hajatoa taarifa, atahesabiwa amekubali.

Nimepata majibu ya kila namna. Wapo walioandika kwamba mkataba unavunjika. Wapo waliokiruka kifungu wakitumaini sitaona.

Na simu je? Nilikipitisha kifungu hicho hicho, peke yake, kwenye programu moja ya kutafsiri, ikanipa Kiswahili kinachoteleza vizuri: tukichelewa kutaarifu, tunakubali. Ukisoma haraka unaridhika. Lakini "tu" ni nani? Kichina hakikutaja mtenda, na hakilazimiki kumtaja. Kitenzi chetu hakina raha hiyo. Kinadai kiambishi, na mashine ikikosa mtu wa kumweka, inamweka yeyote. Hapo imemtwisha mteja wangu wajibu ambao huenda ni wa upande wa pili. Anayeweza kuugundua huo ujanja ni mtu anayesoma kifungu cha juu na cha chini yake, akarudi kwenye ukurasa wa kwanza kuangalia nani kaitwa "mhusika A" na nani "mhusika B". Mimi mwenyewe naitumia mashine kila siku, na kwa miongozo ya mitambo imenipunguzia kazi sana. Lakini imeongeza haja ya msomaji. Zamani mteja aliniletea Kichina asichokielewa. Leo ananiletea Kiswahili anachodhani amekielewa.

Lugha ya kifungu kile ina historia. Hadi mwanzoni mwa karne ya 20, Wachina waliandika mambo rasmi kwa lugha ya kale ambayo hakuna aliyeiongea nyumbani. Vuguvugu la wasomi lililofahamika kwa maandamano ya Mei 4, 1919 ndilo lililosukuma maandishi yafanane na maneno ya mdomoni. Walishinda, lakini lugha ya kale haikuondoka yote. Imebaki kwenye mikataba, hukumu, matangazo ya serikali, vichwa vya habari, barua za rambirambi na maneno ya herufi nne yanayotapakaa katika hotuba. Aliyesoma lugha ya kale kwa mwaka mmoja tu anazitambua 逾 na 未 kama jamaa wa zamani. Na ni kozi ya kwanza kufutwa idara inapobanwa na bajeti, eti ni lugha mfu na soko halina haja nayo! Mimi niko sokoni, na ndiyo ninayoihitaji. Vivyo hivyo herufi za asili, zile zilizotumika kabla ya urahisishaji ulioanza rasmi China bara mwaka 1956. Taiwan na Hong Kong wanaziandika hadi leo, na mhitimu anayegeuza uso akiziona amefungiwa nje ya nusu ya maktaba.

Badala ya hayo, mwaka wa tatu na wa nne vinamezwa na HSK, mtihani rasmi wa China wa kupima Kichina cha wageni. Sina ugomvi na mtihani wenyewe. Ni kipimo, na mwajiri anahitaji kipimo. Muundo ulioanza mwaka 2010 ulikuwa na ngazi sita, ya juu ikidai maneno 5,000. Viwango vipya vya mwaka 2021 vimeweka ngazi tisa, maneno 11,092 na herufi 3,000, kwa hiyo hata wenye mtihani wameona kwamba kamba ilikuwa imewekwa chini. Lakini mtihani wa kuchagua jibu kati ya manne unamfundisha mtu kunusa jibu, na vifungu vyake vimesafishwa vikalainishwa kwa ajili ya wanafunzi. Idara ikigeuza orodha ya maneno ya HSK kuwa mtaala wake, inatoa wahitimu ambao hawajawahi kusoma ukurasa hata mmoja ulioandikwa na Mchina kwa ajili ya Wachina wenzake. Naijua idara moja, sitaitaja, ambayo mwanafunzi wa mwaka wa nne aliniambia kwamba magazeti ya Kichina "hayamo kwenye silabasi". Magazeti!

Jambo la pili linalonikera ni lugha ya kufundishia. Vitabu vingi vinaeleza Kichina kwa Kiingereza, na mwanafunzi anayefikiri kwa Kiswahili anapitishwa njia ndefu bila sababu. Chukua vipimo vya kuhesabia. Kichina hakisemi "karatasi moja" hivi hivi. Kitu bapa kama karatasi au meza hupewa 张, kitu kirefu chenye kupinda kama mto au samaki hupewa 条, kitabu hupewa 本. Kitabu cha Kiingereza kinahangaika kurasa nzima kueleza kwa nini nomino zigawanywe makundi. Mtoto aliyekua na ngeli hahitaji kuelezwa hilo. Mwambie tu makundi ni yapi. Au ile 了 ya baada ya kitenzi inayowatesa watu. Kitabu cha Kiingereza kinamwambia mwanafunzi ni wakati uliopita, naye anaipachika kila mahali panapohusu jana, anakosea. Angeambiwa kwamba mara nyingi inakaribia "-me-" yetu kuliko "-li-" angeokoa muhula mzima. Zinaachana mahali pengi, lakini ni mwanzo ulio karibu zaidi na ukweli. Kisha mtihani wa mwisho unamtaka atafsiri kwenda Kiingereza, na akija kwangu Kiswahili chake cha mkataba ni kibovu kuliko Kichina chake. Nimewahi kuwakataa watu waliokielewa kile kifungu barabara lakini wakashindwa kukiandika kwa Kiswahili ambacho wakili angekubali kukisoma.

Nisieleweke vibaya. Fani hii ilipoanza Ulaya ilikuwa kusoma tupu. Abel-Rémusat, aliyekabidhiwa kiti cha kwanza cha Kichina katika Collège de France mjini Paris mwaka 1814, alikuwa daktari kwa mafunzo, alijifundisha kwa vitabu, na hakuwahi kukanyaga China. Wengi waliofuata walikuwa wakisoma washairi wa miaka elfu iliyopita na kushindwa kuagiza chai. Sitaki turudi huko. Mwanafunzi aongee, na aongee vizuri, kuanzia wiki ya kwanza. Nasema tu kwamba kuongea kunaweza kupatikana kwingine, kwa mtandao, kwa marafiki, kwa kazi, na kila mwaka wapo wanaokipata hivyo. Kusoma nyaraka ngumu ukiwa na mtu mjuzi pembeni anayekukatalia tafsiri yako na kukuambia kwa nini, mahali pake ni chuo kikuu.

Kuhusu ajira sitasema mengi. Ukalimani wa kuongozana na wageni una ushindani mkubwa, kwa sababu aliyeishi China miaka kadhaa kwa masomo mengine atakushinda kwa wepesi wa ulimi, shahada yako isimtishe. Kwenye nyaraka hana ubavu huo. Nikiulizwa, nashauri Kichina kiambatane na sheria au uhasibu ndani ya shahada hiyo hiyo, chuo kikiruhusu. Katika hilo mimi na mwandishi wa makala hatuko mbali, tofauti ni kwamba yeye anakipeleka Kichina jioni.

Neno la mwisho ni kwa wanafunzi wanaokwenda mwaka mmoja wa masomo China. Nendeni. Lakini nimewapokea wengi waliorudi wakiongea kwa mbwembwe, lafudhi imenyooka, wakati usomaji wao uko pale pale walipouacha, kwa kuwa kule kila kitu waliuliza kwa mdomo au walimulika kwa simu. Soma tangazo lililobandikwa kwenye lifti kuhusu kukatwa maji. Soma karatasi iliyomo ndani ya boksi la dawa. Soma masharti ya benki, polepole, na kamusi mkononi. Mkataba wa chumba utakachopanga peke yake una lugha ya kukutosha muhula mzima, na hakika utakuwa na kifungu chenye 逾期, kwa hiyo ni heri ukielewe kabla hujatia sahihi.

Wako,
Mfasiri wa Kichina na Kiswahili